Mkungu wa Mama na Mlango wa Wijdan

Jumamosi, 15 Novemba 2025

Dada yangu Khole, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupelekea unajipaka, au umeshampa mtu? Sisi huku Al Khoudh wazima, hamdulillah. Joto limeshavunjika, tunalala bila ya kiyoyozi.

Naanza daftari hili kwa kuwa kwenye grupu la familia siwezi kusema kitu. Nikituma sauti inasikilizwa na watu arubaini na mbili kabla haijakufikia wewe. Bi Mwanakheri, jirani yetu wa nyuma, anakuja Unguja baada ya harusi ya Wijdan. Nitampa alitie sandukuni. Humu nitakwambia kila kitu, kama tulivyokuwa tukinong'onezana na Mama anatwambia tulale.

Habari yenyewe ni hii. Mkungu wa Mama lazima ukatwe. Usilie. Mizizi imepita chini ya ukuta wa jirani, ukuta umepasuka mpaka paka anapenya. Jirani kaja mara tatu. Mara ya tatu hata kahawa hakunywa.

Nikawaza. Mti alioupanda Mama mwaka tuliohamia hapa, themanini na saba, kwa kungu aliyoitia mkobani kutoka Unguja, ndio uishie kuwa kuni? Haiwezekani. Basi jana baada ya Isha, sebule yetu ya majlis imejaa wakwe, nikasimama. Nikasema mwanangu Wijdan ataingia nyumba yake mpya kwa mlango wa Unguja. Wa mbao. Wa nakshi. Uliotoka kwenye mkungu wa bibi yake. Watu wakasema mashaallah. Fahd, bwana harusi, akanibusu kichwa. Harusi ni Alhamisi tarehe 11 Desemba. Siku ishirini na sita!

Jaifar akacheka. Unamjua, kaka yake mke wangu Radhia, anauza milango ya alumini Wadi Kabir. Akasema mbele ya wakwe, shemegi, wewe pazia tu lilikushinda kutundika. Kisha akasema atauweka tayari mlango wake mmoja wenye kioo, umechorwa bata maji wawili wanabusiana, endapo. Endapo! Ikifika asubuhi ya harusi mlango wangu haupo, wale bata ndio watakaompokea mwanangu nyumbani kwake.

Mkwe mmoja akauliza kama wewe umekubali, maana mti wa Mama ni wetu sote wawili. Nikasema umekubali.

Dada, najua sijakuuliza. Ndio nakuuliza hapa. Kama hutaki, nijulishe kabla ya Alhamisi hii. Nimeshaomba maghfira kwa hilo, na kwa mengine yatakayofuata.

Jumatano, 19 Novemba

Hukusema kitu, basi tunaendelea.

Jana niliswali istikhara kuomba mwongozo. Nikalala fofofo, sikuota chochote. Radhia anasema hilo si jibu. Nikamwambia angalau sikuota bata.

Kesho ndio siku. Nimechagua mwenyewe. Unamkumbuka Babu alivyokuwa akisema, mti wa mbao ukatwe mwezi unapokufa, mbao haziliwi na dudu? Mfungo Nane unakwisha, mwezi hauonekani tena. Na kesho sikukuu ya taifa, hakuna aliye kazini. Nilipomweleza Jaifar hesabu ya mwezi akaniuliza na alumini inakatwa mwezi gani.

Leo kaja fundi Yassin kuuangalia mti. Ni mtu wa Tanga, ndiye anayeendesha msumeno mkubwa kwenye kiwanda kimoja cha kupasulia magogo huko Wadi Kabir. Kijana mtulivu, ana swala. Akauzunguka mkungu, akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe, akasema gogo zuri, mzee wangu, jekundu ndani, mlango utatoka. Moyo wangu ukajaa!

Kisha akauliza kama nimewahi kuugongea msumari. Akasema mti wa msituni hauna neno, lakini mti wa uani watu huufanya ukuta. Msumeno ukipiga chuma meno yanang'oka, lazima kazi isimame, na gogo la mwenye chuma linarudi nyuma ya foleni. Hiyo ndiyo kanuni ya pale, haimjui mkubwa wala mdogo.

Nikacheka. Nikamwambia mti huu msafi kama kanzu ya Ijumaa. Nimekua nao mie, ningejua.

Ijumaa, 21 Novemba

Umekatwa. Nimetoka kuswali Ijumaa, nakaa kuandika.

Jana baada ya Alasiri nilisema Bismillah, Yassin akaanza na matawi. Kazi ya adabu, tawi kwa tawi, anayashusha kwa kamba kama anateremsha mtoto. Likabaki shina na matawi makuu ya juu. Yassin akataka aamue yeye liangukie wapi. Nikamwambia hapana, uwanja naujua mie. Nikaweka ndoo nyekundu palepale kitakapogusa kilele. Kamba ya shina nikaifunga kwenye gari langu.

Ndipo alipoingia Jaifar na mlango wake mgongoni mwa pikapu. Ati kauleta ili bata wazoee mtaa. Akauegemeza kwenye tangi la maji, mbali kabisa na ndoo. Nikasema haya, na ubaki hapo uone kazi.

Msumeno wa mnyororo ukalia. Nikaliondoa gari. Kwa haraka, nakiri. Kamba ikakatika. Mkungu ukazunguka polepole, kama bibi anayegeuka kuona nani kamwita, ukaenda kulekule kwenye tangi la maji.

Vumbi! Majani! Nikafunga macho. Nakwambia kweli, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Nikasema basi, Mungu kaamua, bata wamekwenda.

Tukafukua majani. Dishi la televisheni limekuwa sahani. Kamba ya nguo ya Radhia na kanga zake zote chini. Vyungu vya asumini, vinne. Mlango wa alumini, hata mchubuko hauna! Bata wanabusiana vilevile. Jaifar kaufuta kwa leso, akasema hiyo ndiyo tofauti ya bidhaa.

Alikuwa ameshapiga picha. Nikamwomba asiipeleke kwenye grupu. Akauliza kwa nini, si Dada Khole ameshakubali? Nikasema wewe, Dada, hupenda kuona jambo likiwa limekamilika. Akaniangalia kwa jicho moja, unajua anavyoangalia.

Wijdan katoka, kaokota kungu za mwisho ndani ya mtandio wake. Kavunja moja kwa jiwe, kokwa kanitia mdomoni, kama Mama alivyokuwa akitufanyia. Hapo nikaingia ndani kwa dakika chache. Radhia akadhani nimepatwa na vumbi.

Jumapili, 23 Novemba

Ulipiga simu leo. Ukauliza habari za mkungu wa Mama. Nikakwambia umelala tu. Wallahi sikusema uongo: ulikuwa umelala uani tangu Alhamisi.

Kesho unapakiwa kwenda Wadi Kabir.

Jumatatu, 24 Novemba

Siku mbaya.

Kiwanda kina foleni ya magogo kama foleni ya petroli. Nikawahi baada ya Alfajiri, nikawa wa kwanza. Duka la Jaifar liko upande wa pili wa njia. Kaweka kiti nje. Kaweka na chupa ya chai.

Gogo likawekwa kwenye reli. Msumeno wa mkanda ukaanza kuingia. Unga mwekundu ukamwagika, harufu tamu, watu wakasogea kuangalia. Nikawaambia ni wa mama yangu. Mwarabu mmoja mzee akamwombea rehema.

Kisha ukapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Cheche. Yassin kazima. Kachokoa na patasi, katoa msumari wa inchi tano, umezungukwa na doa jeusi kama wino.

Nikaukumbuka. Ule wa kibao cha "Halwa Halisi ya Unguja Inapatikana Hapa". Mwaka wa elfu mbili na tisa. Nilipika mara moja tu ikaganda kwenye sufuria, sufuria tukaitupa. Lakini kibao kilikaa miaka miwili.

Gogo nyuma ya foleni. Saa tatu za kungoja. Likarudi. Cheche! Safari hii parafujo nne. Za mzinga wa nyuki. Nyuki hawakuja, walikuja nyigu. Nyuma ya foleni. Likarudi baada ya Alasiri. Cheche! Ndoano ya pembea niliyowatengenezea wana wa jirani, ile iliyokatika Eid Mosi.

Kila kinachotoka nakijua! Yassin anavipanga kwenye sinia. Akaniuliza kwa heshima, mzee wangu, huu ni mti au duka la vifaa? Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni sasa wanafurahi wakiniona. Jaifar kavuka njia na chai, kanipa kikombe, kasema, "Shemegi, kumbe umeanza alumini kabla yangu, ila yako umeifukia." Nikanywa. Ilikuwa chai nzuri, hilo silikatai.

Nimetoka na ubao mmoja. Nahitaji kumi na nane.

Alhamisi, 27 Novemba

Hapa ndipo akili inapotumika. Rafiki yangu ni mlinzi wa ukumbi wa harusi, ana ile fimbo ya kukagulia watu chuma mlangoni. Nikaiazima. Leo baada ya Alfajiri nikalipima gogo lote kabla ya kiwanda kufunguliwa.

Inalia! Hapa inalia, pale inalia. Kila panapolia natia alama ya chaki. Alama thelathini na mbili. Nikashangaa mwenyewe, hivyo nimegonga misumari yote hii? Yassin kaja, kachimba kwa patasi alama ya kwanza. Hakuna. Ya pili. Hakuna. Ya kumi, hakuna. Kanitazama mkono. Kasema mzee, vua saa.

Nikavua. Fimbo ikanyamaza.

Tukapima upya, kimya gogo zima. Yassin kasema fimbo hiyo inasikia juu juu tu, moyoni haifiki. Nikamwambia tawakkal, tumwachie Mungu. Msumeno ukaingia, ubao ukatoka, wa pili, wa tano, wa tisa! Nikaanza kumtafuta Jaifar kwa macho. Tulipofika katikati kabisa, kwenye moyo wa mti, cheche kuliko zote. Mkanda ukakatika vipande viwili.

Yassin kapangusa unga kwa kidole. Pete ya chuma. Imezama, mti umeimeza ulipokuwa bado fito.

Dada, ile si yangu.

Ile ni yako. Uliigonga mwenyewe mwaka ulioolewa, ili ufunge kamba ya kuanika nguo zako mpya, na Mama akakugombeza kwamba unaumiza mti. Siku tatu baadaye ukapanda ndege kurudi Unguja. Nilikaa juu ya gogo nikacheka, kisha sikucheka. Yassin kauliza aliyeigonga ni nani. Nikamwambia dada yangu. Kasema basi ni ya ukoo. Na bado kanirudisha nyuma ya foleni.

Jumapili, 30 Novemba

Mbao kumi na nane! Hamdulillah!

Zina madoa meusi, lakini Yassin anasema ni mti kuchukiana na chuma, si ugonjwa. Neno moja tu kaniambia ambalo sikulipenda. Mbao mbichi zinataka kukauka mwaka mzima kivulini. Mwaka! Nikamwambia nna siku kumi na moja. Kasema basi una siku kumi na moja za mbao mbichi.

Sikukata tamaa. Kinachokausha ni nini? Hewa. Nna majlis nzima yenye viyoyozi viwili. Nimeondoa takia, nimezilaza mbao juu ya zulia, viyoyozi mpaka mwisho, mafeni matatu, na kifaa cha Radhia cha kukaushia nywele kwa zile nene. Ndani baridi kama kijijini milimani. Naingia na sweta.

Radhia hakufurahi. Hasa kwa kuwa leo mama yake Fahd alikuja na dada zake kuzungumza mambo ya hina, na sikuambiwa. Wamekaa ukutani wamejitanda, meno yanagongana, kati yao mbao kumi na nane zimelala kama wagonjwa. Mama yake Fahd kauliza kwa adabu ni nani aliyefariki.

Alhamisi, 4 Desemba

Zimepinda.

Sijui niandike vipi. Jana zilikuwa mbao. Leo moja imekunjika kama kaimati iliyokosewa, nyengine imepasuka toka kichwani mpaka miguuni, nyengine imejisokota, ukiiweka chini inatikisika yenyewe. Nimezikalia. Nimeweka mitungi ya gesi juu yake. Nimemwita Yassin. Kazipitia moja moja, kama daktari anayejua jamaa wako mlangoni. Kasema mzee wangu, mlango hakuna humu.

Jaifar naye alikuwepo. Kaja kuleta ratiba ya kufunga mlango wake. Kaushika ule ubao uliojisokota, kauliza kama mlango huu utafungwa au utabembelezwa. Kisha, nakwambia haki yake, kaona uso wangu, akaacha mzaha. Akasema shemegi, lilikuwa wazo zuri.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimebakiwa na wiki. Nitatafuta njia. Nimeshafikiria kuziloweka upya.

Jumamosi, 6 Desemba

Wijdan kaja majlis baada ya Adhuhuri. Kanikuta na ndoo. Kaninyang'anya ndoo, akakaa chini kando yangu.

Akasema, "Baba, nna neno, usikasirike." Akasema wale bata aliwapenda tangu siku ya kwanza. Yeye na Fahd wote wawili. Ila nilikuwa nimeshasimama mbele ya wakwe, akaona haya. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Bata!

Kisha kainuka, kazunguka baina ya mbao, kaufikia mmoja ulio ukutani. Mpana, mfupi, mnene. Ule wa moyoni, wenye pete yako. Yassin hakuweza kuitoa bila ya kuupasua, akaiacha humo humo, nusu ndani, nusu nje. Na Dada, ubao ule umenyooka! Wa pekee. Haukupinda hata unywele. Yassin anasema mbao ya moyoni hutulia kuliko ndugu zake, akanieleza sababu, sikumfuata vizuri.

Wijdan kasema huo uwe kizingiti cha juu. Bibi juu, bata chini.

Nikampigia Yassin. Kasema nakshi ya maua na tarehe ya harusi anaiweza kwa siku tatu. Nikampigia Jaifar. Nilitaraji acheke. Kasema ataushusha mlango wake shubiri moja ili kizingiti kikae. Kisha akacheka.

Ijumaa, 12 Desemba

Dada, harusi imepita salama. Watu walikula wakaombeana dua. Bi Mwanakheri anaondoka kesho, namaliza haraka.

Kizingiti kimekaa. Maua yamekizunguka kutoka ncha hadi ncha, katikati pete yako na doa lake jeusi. Wijdan alipofika mlangoni alivua koja la asumini shingoni, akalitundika kwenye pete ya shangazi yake, ndipo akaingia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkwe yule yule aliyeniuliza kanishika mkono, kasema Bi Khole angefurahi kuona. Nikasema umefurahi sana. Bata hata sikuwaona. Niliwaona kidogo.

Kwetu nako kulipendeza. Ule mwarobaini wa langoni niliupamba taa kutoka chini hadi juu kwa ajili ya wageni. Radhia alishika ngazi, akataka nizifunge kwa kamba. Kamba inalegea, nikamwambia, msumari ndio mambo. Misumari ya inchi sita, ishirini na nne, imezama barabara. Mtaa mzima uling'ara.

Na hapo juu ya ngazi ndipo wazo liliponijia. Mwarobaini huu ni mkubwa, umenyooka, na mbao yake hailiwi na dudu. Inshaallah mwakani Wijdan atapata mtoto. Mtoto atataka susu la kulala na kubembelezwa. La mbao. La nakshi. Mbao zinataka mwaka kukauka, kwa hivyo nikiukata sasa nakuwa nimewahi. Mwezi unakufa tena wiki ijayo. Radhia anasema hata siku mbili za ndoa hazijatimia. Mambo ya kupanga hayo hayajui.

Yassin nimeshampigia. Kauliza kama mti una misumari. Nikamwambia ya zamani, hauna hata mmoja.

Kauliza pia kama wewe umekubali, maana sasa anakujua. Nikasema umekubali.

Basi nijibu haraka, dada yangu. Ikiwezekana kabla ya Alhamisi.

Ndugu yako,
Msellem